Herufi Tatu za Bibi Ana

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Matilda alimlisha bibi yake uji. Alimfunika blanketi mabegani, maana baridi ya Nyololo haina adabu mwezi wa saba, kisha akakaa mbele yake na kumpa kijiko kimoja kimoja. Na kila asubuhi, uji ulipofika nusu ya bakuli, Bibi Ana alimtazama usoni na kumuuliza, "Wewe binti, ni mtoto wa nani?"

"Wa Frida, Bibi. Mimi mjukuu wako."

"Ahaa," Bibi alijibu kwa upole, kama mgeni aliyeonyeshwa njia ambayo hakukusudia kuipita.

Huo ulikuwa mwaka wa tatu. Kwanza Bibi alisahau siku, kisha akasahau watu, na sasa maneno yenyewe yalikuwa yanamtoka kama maji katika ndoo yenye ufa. Daktari alikwisha kusema kwamba ugonjwa ule haurudi nyuma.

Frida, mama yake Matilda, alikuwa mchuma chai. Alijifunza kusoma na kuandika akiwa na miaka thelathini na minane, katika masomo ya jioni ya usharika. Aliposikia maneno ya daktari, aliamua kuokoa kile kidogo alichoweza. Kwa miezi minane, kila Jumatano na Jumamosi, alikaa mbele ya kompyuta katika steshenari iliyo kando ya barabara kuu, akaandika kwa vidole viwili yale aliyoyasikia kwa mama yake siku ambazo akili ilikuwa imetulia. Aliandika habari za mwaka wa njaa, na za watoto wawili waliozikwa wiki moja. Aliandika methali. Aliandika na sala ya Kihehe ambayo Bibi alikuwa akiisema juu ya mbegu kabla ya kupanda. Zilikuwa kurasa kumi na nane.

"Mama, mbona umeandika 'anapika, analima, anasali'?" Matilda aliwahi kumuuliza. "Bibi hafanyi hayo tena."

"Bado anapumua," Mama alijibu. "Siwezi kumwandikia 'alikuwa' mtu anayepumua."

Ijumaa moja Mama alifungua fundo la khanga yake, akatoa flashi na kumpa Matilda. Usharika ulitaka kuchapa kijitabu cha habari za akina mama wazee, na mchungaji aliomba litumike jina lililo kwenye kadi ya ubatizo. Nyumbani na kijijini Bibi aliitwa Ana, lakini alibatizwa Anjela.

"Ukitoka shule pita kwa Nusrat," Mama alisema. "Kila palipo na Ana, andika Anjela. Lakini usirukeruke. Soma mstari kwa mstari, umjue bibi yako. Hayo maneno hayatasemwa tena na mtu yeyote."

"Sawa, Mama."

Nusrat, mwenye steshenari, alikuwa dada mchangamfu mwenye ushungi wa bluu. Babu yake alikuja kutoka pwani na mzigo wa vitambaa akaoa hukohuko Iringa, hivyo Nusrat alisalimu Kihehe kama mzaliwa wa hapo.

"Kamwene, profesa mdogo!"

"Kamwene, dada. Mama amenituma kubadilisha jina."

"Kaa pale. Ila kabla hujagusa herufi hata moja, hifadhi nakala. Bonyeza 'Hifadhi Kama', ulipe faili jina jipya na tarehe ya leo, kisha ufanye kazi kwenye hilo jipya. La zamani liache limelala. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nusrat aligeukia wateja wake wa vyeti. Baada ya dakika mbili akauliza bila kugeuka, "Umehifadhi nakala?"

"Tayari, dada," Matilda akajibu. Hakuwa amehifadhi. Aliona ni kujichosha bure.

Alianza vizuri. Alisoma ukurasa wa kwanza, akabadilisha jina mahali pawili. Ndipo rafiki yake Eveline akachungulia mlangoni, mpira wa netiboli ukiwa kwapani.

"Wewe, katibu wa Rais! Tunakusubiri wewe tu, timu haijatimia."

"Bado kurasa kumi na saba."

"Kumi na saba? Basi tutacheza ukishakuwa bibi."

Matilda alikumbuka kwamba kompyuta ina njia ya mkato. Alikwisha kumwona Nusrat akiitumia. Alifungua kidirisha cha kutafuta na kubadilisha, akaandika "ana" juu na "Anjela" chini, akabonyeza "Badilisha Zote". Kompyuta ikajibu papo hapo kwamba imebadilisha mara mia nne na kumi na mbili.

Alitabasamu. Kisha akaangalia maandishi, na tabasamu likakauka.

Palipoandikwa "Bwana Yesu" sasa paliandikwa "BwAnjela Yesu". "Sana" ilikuwa "sAnjela". "Mwanafunzi" alikuwa "mwAnjelafunzi". Mashine haikujua kwamba Ana ni mtu. Ilitafuta herufi tatu tu, na kwa Kiswahili herufi hizo zimejificha kila mahali.

Nusrat alikuwa hatua nne kutoka pale. Lakini kumwita kungekuwa kukiri kwamba nakala haipo. Matilda alifikiri, akiifuta Anjela, Ana atajitokeza tena, kama vile ukifuta vumbi meza huonekana. Alirudi kwenye kidirisha, akaandika "Anjela" juu, na chini akaacha patupu. Badilisha Zote. Mara mia nne na kumi na nne, pamoja na zile mbili alizobadilisha kwa mkono.

Sasa hapakuwa na Anjela wala Ana. "Bwana" alibaki "Bw". "Sana" ilibaki "s". Na pale Mama alipoandika "Bibi Ana anaamka, anasali, analima," palisomeka "Bibi amka, sali, lima." Yule bibi mwenyewe hakuwamo tena. Zilibaki amri tu, na hapakuwa na wa kuzitii.

Matilda alihifadhi, akafunga faili, akachomoa flashi.

"Umemaliza upesi hivyo?" Nusrat aliuliza.

"Ndiyo, dada. Asante."

Alikwenda uwanjani, lakini kila pasi aliyotupiwa ilimpita mikononi. "Leo una mikono ya mlenda!" Eveline alimtania, wengine wakacheka. Matilda hakucheka.

Kesho yake, Jumamosi, Mama alirudi kutoka kwa Nusrat kabla ya saa yake. Aliketi kwenye kigoda bila kuvua koti.

"Matilda, yamepatwa na nini maandishi ya bibi yako?"

Matilda akadakia, "Labda ni kirusi, Mama. Mashine za dada Nusrat zina virusi. Hata Eveline alisema."

Eveline hakuwa amesema hivyo.

Mama akamsogelea Bibi, akamshika mikono. "Mama, nisimulie tena ule mwaka wa njaa. Mlikula nini?"

Bibi alitazama mikono yake iliyoshikwa. "Kuna baridi," alisema.

Mama aliinuka, akaenda kwa Nusrat kwa mara ya pili siku hiyo, na safari hii Matilda akatakiwa kumfuata.

"Sikuja kugombana," Mama alisema mlangoni. "Nimekuja kukuambia tu kwamba sitakuja tena. Mashine yako imeniulia mama yangu mara ya pili."

Nusrat alishtuka. Aliichukua flashi, akafungua faili, akasoma polepole huku kidole kikifuata mistari. "Mama Matilda, hiki ni kirusi gani kinachochukia herufi tatu tu? Tazama. 'Bw', 's', 'mch'. Kila palipoliwa, pameliwa 'ana'." Alinyanyua macho, yakakutana na ya Matilda, kisha akayashusha. "Lakini mashine ni yangu. Pole sana, mama. Kama ni kosa langu, Mungu anisamehe."

Hakumtaja Matilda. Hilo lilimchoma Matilda kuliko kama angesutwa mbele ya watu.

Nyumbani Mama alipiga magoti kando ya kitanda cha Bibi kama ilivyokuwa desturi yake kabla ya kupika. "Ee Bwana, wewe unaona. Mimi sina kitu kilichobaki. Niondolee hasira juu ya Nusrat. Umbariki katika kazi yake. Amina."

Matilda alijaribu kuitikia amina. Haikutoka. Badala yake yakatoka machozi, na baada ya machozi ikatoka kweli yote: nakala ambayo hakuhifadhi, njia ya mkato, kosa la kwanza, kosa la pili, na kirusi ambacho hakikuwapo.

Mama hakumpiga. Alibaki amepiga magoti, kichwa kimeinama, hata Matilda akatamani afadhali angempiga.

"Twende," alisema mwishowe. "Mimi nina langu la kumwomba Nusrat, na wewe una lako."

Dukani, Matilda alipomaliza kuomba radhi, Nusrat alivuta kiti. "Nimekusamehe. Lakini sikiliza, maana hili lazima likuume ili ulikumbuke. Baada ya kosa la kwanza, ungeniita tu, ningebonyeza Ctrl na Z kwa vidole viwili, na kila kitu kingerudi kama kilivyokuwa. Ctrl na Z hutendua ulilotenda, ila kabla hujafunga faili. Wewe umehifadhi na ukafunga."

"Hakuna njia nyingine?" Mama aliuliza.

Nusrat alitafuta kwenye kompyuta, akatafuta kwenye barua pepe, akatafuta hata kwenye mafaili yaliyofutwa. Hapakuwa na nakala popote. Alitikisa kichwa. "Hakuna, mama. Imebaki kusoma tu, na kuziba tundu moja baada ya jingine."

Basi ikawa hivyo. Kila siku baada ya shule Matilda alisoma ukurasa mmoja, na jioni Mama alimsaidia pale alipokwama. Haikuwa kazi ya kufurahisha. Siku nyingine Mama mwenyewe hakukumbuka alichoandika, akafunika uso kwa viganja. Lakini "jua" ikawa "anajua", na "lia" ikawa "analia", na Matilda akaujua mwaka wa njaa, wakati Bibi alipochemsha maji matupu ili watoto wasikie mvuke na kulala wakitumaini. Akayajua majina ya wale wawili waliozikwa. Kwa miaka yote alimlisha uji mtu ambaye hakumfahamu.

Ilibaki sala ya mbegu. Mistari minne ilikuwa imetobolewa. Mama alikuwa Mhehe, lakini sala ile ilikuwa na maneno ya kale ambayo aliyaandika kwa kuyasikia tu, na sasa yalikuwa yamempotea.

Asubuhi moja, uji ukiwa robo ya bakuli, Matilda alimsomea Bibi mstari wa kwanza, ukiwa na tundu lake. Bibi alikunja uso kama aliyesikia mwimbaji akikosea sauti. Kisha, kwa sauti nyembamba, aliusema wote, bila kukosa hata silabi. Matilda alidaka kalamu. Akasoma wa pili, Bibi akautimiza. Akasoma wa tatu, Bibi akautimiza.

"Mama! Njoo usikie!"

Mama alikuja mbio, mikono ina unga. Matilda akasoma mstari wa nne. Midomo ya Bibi ilitikisika kidogo, ikatulia. Alilitazama bakuli, kisha akamtazama Matilda.

"Wewe binti," aliuliza, "ni mtoto wa nani?"

Walijaribu kesho yake, na kesho kutwa, na wiki nzima. Mlango ule haukufunguka tena.

Siku ya kukamilisha, Matilda, Mama na Nusrat walikaa mbele ya kompyuta. Safari hii Matilda alihifadhi nakala kwanza, akaipa jina lenye tarehe, na nyingine Nusrat akaituma kwenye barua pepe. Ndipo Nusrat akamwonyesha kisanduku kidogo ndani ya kile kidirisha, cha kutafuta neno zima pekee. "Ukiweka alama hapa, mashine itamtafuta Ana aliyesimama peke yake. Haitamgusa aliye ndani ya 'Bwana'."

Matilda aliweka alama, akabonyeza. Mara ishirini na saba tu.

"Ishirini na saba?" alishangaa. "Na zile nyingine zote?"

"Zile nyingine zilikuwa Bwana, na sana, na mchana," Mama alisema, "na kazi zote za bibi yako."

Ulibaki mstari wa nne wa sala. Matilda alikuwa ameyakariri mahadhi ya mistari mingine, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, naweza kubuni neno linalofanana. Hakuna atakayejua."

Mama aliiweka mikono yake iliyokwajuka kwa chai juu ya mikono ya binti yake.

"Hapana. Paache wazi. Kosa lako la kwanza lilikuwa na dawa, mwanangu, na dawa ilikuwa hatua nne kutoka ulipokaa. Uliona aibu kuita, ukaongeza la pili, kisha ukaongeza uongo, na uongo ukamshika asiyehusika. Kukosea si dhambi. Kuficha ndiko kulikotoboa karatasi hii. Sasa tusizibe tundu la uongo kwa uongo mwingine. Tumeomba, tumefanya kazi, Mungu ameturudishia mitatu. Huu wa nne hakuturudishia. Tutashukuru kwa mitatu."

Kijitabu kilichapwa hivyo, na nafasi tupu katikati ya mstari wa nne.

"Siku moja mtoto wako atakuuliza hapa paliandikwa nini," Mama alisema, akikifunga kijitabu ndani ya khanga. "Umwambie kweli. Umwambie hujui, na umwambie ni kwa nini hujui."