Waliotoka Wamezidi Mmoja

Jumatano ya kwanza walicheka. Mlinzi wa mto alisema kwenye redio, "Shemeji, walioingia thelathini na moja, waliotoka thelathini na mbili." Fundi wa lango, aliyekuwa juu ya ukuta wa bwawa ameshashika usukani kwa mikono miwili, akamjibu, "Kwani mto umejifungua?"

"Labda nimesinzia."

"Wewe husinzii, wewe hulala kabisa. Kuna aliyebaki majini?"

"Hakuna hata kuku."

"Basi sogea pembeni, nafungua."

Fundi alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye mabega ya kazi. Mlinzi alikuwa mdogo wa mumewe, bwana mnene asiyevua kofia yake yenye nanga, na kwa ajili ya kofia hiyo watu walimwita Nahodha, ingawa hajapanda hata mtumbwi maishani mwake. Bwawa lenyewe lilikuwa dogo, la mtambo mmoja wa kuwasha taa za mji ulio bondeni. Chini ya ukuta, mto unapojikunja, palikuwa na ufuko wa mchanga ambako watu walikuja kuogelea na kuelea juu ya mipira ya matairi. Kila Jumatano na Jumamosi alasiri lango la chini lilifunguliwa ili tope litoke, na maji yake yalifika pale kwenye kona kwa dakika nne, yakiwa na nguvu ya kung'oa mti.

King'ora kilikufa zamani. Mota ya lango iliungua, na barua za kuomba nyingine zimelala makao makuu hadi leo, usingizi wa pono. Kilichobaki ni usukani wa kuzungusha kwa mkono, mara themanini kufungua na mara themanini kufunga, na Nahodha na filimbi yake. Ufuko ulizungushiwa waya, una kijilango kimoja chembamba. Kila anayeingia alipigiwa mstari daftarini, na filimbi ikilia, kila anayetoka alipigiwa wake. Kanuni za kazi zilikuwa na maneno makali kuhusu mtu akipungua. Kuhusu mtu akizidi hazikusema kitu, na mimi siwalaumu walioziandika, maana nani angewaza?

Jumamosi walizidi tena mmoja. Jumatano iliyofuata pia. Fundi akaacha kutania, akachukua darubini akatazama foleni ya watu wakitoka majini. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa mama mnene anayechechemea, amejifunga kanga nyekundu. Nyuma yake akafuata mama mnene anayechechemea, amejifunga kanga nyekundu. Fundi alifuta kioo cha darubini kwa ncha ya blauzi. Alipotazama tena, mama alikuwa mmoja, na Nahodha alikuwa amesimama kwenye kijilango akigeuka huku na huku na kalamu mkononi.

Siku hiyo Nahodha alipitia nyumbani kwa kaka yake kabla ya magharibi. Hakukaa. Alisimama mlangoni mwa jiko akiongea kwa sauti ya chini, kwa kuwa binti wa fundi, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa uani akifua nguo zake za kuogelea. Nahodha ndiye aliyekuwa akimfundisha, na mtoto alishaanza kujiona samaki.

"Shemeji, nikuambie kitu, usinicheke."

"Sikucheki."

"Yule wa ziada simwoni akija. Nashtukia tu mkono wangu umeshapiga mstari. Halafu kuna harufu."

"Harufu gani?"

"Ya lile tope lako la chini kabisa, linalotoka ukifungua lango. Na wakati huo lango bado limefungwa."

Fundi aliipunguzia moto sufuria. "Unadhani ni jini?"

"Usimtaje humu ndani. Mimi nadhani anajifunza kutoka."

Fundi akasema maneno ambayo baadaye angetamani kuyameza. Alisema, "Alimradi watu wetu wote wanatoka, akizidi hana madhara kwetu. Tungeogopa kama wangepungua." Nahodha aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Jumamosi jua liliwaka tangu asubuhi na ufuko ulipendeza, lakini huko milimani mvua ilikuwa imenyesha kutwa kucha. Saa nane mchana maji ya bwawa yalikuwa shubiri mbili chini ya mstari mwekundu. Mhandisi alipiga simu kutoka makao makuu, anahema.

"Fungua lango lote sasa hivi. Upande wa kushoto wa ukuta huo ni udongo mtupu. Maji yakipita juu yake tu, ukuta unakwenda, na mji mzima nao unakwenda."

"Natoa watu kwanza."

"Toa haraka."

Filimbi ililia. Fundi alihesabu dakika, kwani binti yake naye alikuwa huko tangu saa sita. Kisha redio ikakoroma, na sauti ya Nahodha ikaja imechangamka kama mtu aliyepona homa.

"Shemeji, leo tumepona. Walioingia ishirini na sita, waliotoka ishirini na sita. Ameacha."

Fundi alishika usukani, na mikono ikakataa. Yule wa ziada hajawahi kukosa kutoka. Kama leo naye ametoka, na waliotoka ni ishirini na sita tu, basi kuna mtu wa kweli bado yuko majini.

Aliinua darubini. Waogeleaji walikuwa wameshapanda njia ya juu, wengine wakijikausha vichwa. Ufukoni alibaki Nahodha, amemshika mkono binti wa fundi aliyevaa gauni lake la kijani la kuogelea, na mtoto alikuwa akitazama juu ya ukuta moja kwa moja, bila kupepesa. Katikati ya mto, nyuma ya jiwe kubwa, palikuwa na mpira wa tairi, na juu ya mpira palikuwa na mkono mwembamba na kipande cha gauni la kijani.

"Shemeji," alisema kwenye redio, "usigeuke. Huyo mtoto uliyemshika, mkono wake ukoje?"

Redio ilihema.

"Wa baridi," Nahodha alinong'ona. "Laini. Kama hauna mifupa."

"Mwachie polepole. Mwanangu yuko nyuma ya jiwe, amenasa. Nakuomba, shemeji."

Huyu ndiye Nahodha ambaye watu walimcheka kwa kofia yake. Hakuuliza swali la pili. Aliuachia ule mkono, akaifunga redio vizuri kwenye mfuko wa nailoni shingoni, akaingia majini na nguo zake zote.

Simu iliita, ikakata, ikaita tena. Maji yaligusa mstari mwekundu. Fundi aligeuka kuyatazama, labda kwa kufumba na kufumbua tu, na alipoirudisha darubini ufukoni yule mtoto wa mchangani hakuwepo, palibaki nyayo zake tu zikielekea mtoni, nyayo ndogo zilizopangana vizuri, na juu ya maji, kuanzia pale nyayo zilipoishia hadi kwenye jiwe, hapakuwa na wimbi wala povu wala kiputo, maji yalilala tu, na ile harufu ya tope ikapanda mpaka juu ya ukuta ikamjaa puani, na yeye akawa anasema kwa sauti, mtoe, mtoe, mtoe, bila kujua kwamba anasema.

Kisha Nahodha akatokea upande wa pili wa jiwe, amembeba mtoto begani. Mtoto alikohoa, kichwa kikasogea. Nahodha alifika mchangani akainua mkono juu na kuuzungusha hewani: fungua.

"Shemeji, mzima?" Fundi aliuliza kwenye redio. Hakujibiwa. Akadhani redio imeingia maji. Mkono ukazunguka tena hewani. Basi mama yule alilia kwa furaha, akausukuma usukani kwa nguvu zake zote, akihesabu. Lango likanyanyuka, maji yakaanza kunguruma chini ya miguu yake.

Alikuwa kwenye mzunguko wa thelathini redio ilipoita.

"Shemeji." Ilikuwa sauti ya mtu anayehema kwa shida, maji yakimpigapiga mdomoni. "Mtoto umempata? Nimempa yule mtu uliyemtuma. Sasa mimi ndiye niliyenaswa mguu chini ya jiwe. Nautoa, bado kidogo. Usifungue kwanza."

Fundi alitazama ufukoni bila darubini. Nahodha alikuwa anapanda njia ya ukutani taratibu, mtoto begani.

Aliurudisha usukani nyuma kama mwendawazimu, kumi, kumi na tano, ngozi ya viganja ikachubuka, na alijua fika kwamba usukani haurudishi maji yaliyokwisha ondoka.

"Shemeji," redio ikasema, "nasikia maji."

Halafu ikakoroma tu. Simu nayo ilikuwa bado inaita, na mji ulikuwa bado pale bondeni na watu wake. Fundi aliushika usukani akauzungusha tena, mbele, mpaka themanini, analia kwa kwikwi, maana hakukuwa na mtu mwingine wa kuuzungusha.

Aliyekuja mlangoni mwa kibanda cha usukani alimkabidhi mtoto kwa upole. "Pole, shemeji," alisema. Shati lake lilikuwa kavu.

Nyumbani kaka mtu alimkumbatia ndugu yake mbele ya majirani, na mama mkwe alimshika kichwa akamwita mwanangu, mwanangu. Mtoto alimwambia mama yake sikioni kwamba alitolewa na baba wadogo wawili, mmoja chini na mmoja juu, na watu wakasema ni maji aliyokunywa. Usiku fundi alimweleza mumewe yote, kwa kunong'ona. Mume alimfunika shuka. "Umechoka, mke wangu. Ndugu yangu si huyo sebuleni, anakula?" Mwili haukupatikana, kwa kuwa hakuna aliyeutafuta. Hakuna aliyepotea.

Jumatano alirudi kazini. Alasiri redio ikaita. "Walioingia kumi na tisa, waliotoka kumi na tisa. Mto mtupu, shemeji. Fungua." Ilikuwa sauti ile ile, na hata kicheko.

Fundi alisimama na mikono kwenye usukani, bendeji viganjani, asiuzungushe. Ikapita robo saa. Mhandisi akapiga simu kuuliza anasubiri nini.

"Kuna mtu hajatoka majini," alisema.

"Nani?"

Fundi akafungua mdomo kulitaja jina la shemeji yake, na kwenye redio iliyokuwa mezani mwenye jina akaitika kabla hajalitamka.