Jaruba la Mistari Mitano

Kila jioni, akishateka maji na kuosha vyombo, Odilia hukaa kibarazani na daftari la miraba, akiandika Kichina. Yuko kidato cha kwanza, shule ya kijijini nje kidogo ya mji wa Kilosa. Somo hilo lilipoletwa, wakubwa walikuja na magari matatu, wakapiga picha, wakaondoka. Kitabu waliacha kimoja. Kimoja, wanafunzi arobaini na wawili! Mwalimu Lusekelo akatoa fotokopi, lakini mashine ya ofisi imechoka: vile vinamba vidogo vinavyoonyesha mstari upi uanze na upi ufuate havikutoka kabisa.

Basi Odilia akawa anachora. Aliitazama herufi kama mtu anayetazama picha ya ng'ombe, akaanzia popote. Daftari lilipendeza. Alipoulizwa kama ameelewa mpangilio wa mistari, alijibu, "Ndiyo, mwalimu," maana aliona aibu kusema hapana. Ijumaa yangetajwa majina ya watatu wa kwenda mashindanoni Morogoro, naye alitaka sana kuwamo.

Jumatatu akaitwa ubaoni.

"Andika shamba," Mwalimu Lusekelo akasema.

Ni herufi rahisi, boksi lenye msalaba ndani: 田. Odilia akachora boksi lote, akalifunga, kisha akatia msalaba.

"Futa. Rudia."

Akaanza na msalaba.

"Futa."

Mara ya tatu chaki ikamkatikia mkononi. "Lakini mwalimu, si imefanana?"

"Imefanana, ila umechora. Kule Morogoro watautazama mkono wako unavyokwenda."

"Dada, weka na mlango basi tupange chumba!" Brayan akadakia kutoka nyuma. Darasa zima likaangua kicheko.

Odilia alitoka shule moja kwa moja hadi bondeni. Baba yake, mzee Anselmi, aliyemlea peke yake tangu mama afariki, alikuwa anatengeneza jaruba jipya la mpunga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona umevimba hivyo?"

"Kichina, baba. Nakiacha."

"Kiache. Hata waliokileta walishakiacha, wako ofisini wanapigwa feni. Haya, shika jembe."

Kingo tatu za jaruba zilikuwa zimeshasimama, na baba alikuwa anainua matuta ya kuligawa ndani. Odilia, kwa hasira, akaenda upande wa chini akaanza kupandisha udongo, bonge juu ya bonge, mpaka akaziba. Maji yaliyokuwa yakivuja kutoka mfereji wa juu yakakosa njia, yakatuama. Tuta la kati likaanza kumeguka.

"We Odilia! Nani kakwambia uzibe chini? Chini huzibwa mwisho! Kazi ya ndani haijaisha, maji yatokee wapi?" Baba akaubomoa ukingo ule kwa mapigo mawili ya jembe.

Odilia alisimama, tope magotini, machozi yakimlengalenga. Akatazama. Boksi, na msalaba ndani.

"Baba, kwa hiyo ni pembeni, halafu ndani, ndipo chini?"

"Sasa ulidhani vipi?"

Hakujua kama Wachina nao hufanya hivyo. Usiku wote akili ilimzunguka, na kulipopambazuka aliona njia ni moja tu, nayo ilimkera.

"Shikamoo mwalimu," alisema mapumzikoni. "Nilikudanganya. Mpangilio sijui hata wa herufi moja. Ila hii ya shamba, mstari wa chini ni wa mwisho?"

Mwalimu Lusekelo akafungua kile kitabu. "Ni wa mwisho. Na mimi nina kosa. Niliona namba hazikutoka, nikangoja muulize."

Kuanzia siku hiyo, siku tatu walibaki baada ya vipindi, wakinakili namba kwenye fotokopi kwa kalamu nyekundu. Odilia alirudia herufi zote upya, na iliuma, maana mkono ulishazoea vibaya. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Ijumaa aliandika shamba, darasa likihesabu: mistari mitano, sawasawa. Alipopewa herufi mpya ya nchi, nayo ni boksi lenye mistari mingine ndani, akaenda vizuri, kisha akasimama katikati.

"Hapa ndani sijui, mwalimu."

Brayan akacheka. Mwalimu akaandika jina la Odilia, la tatu. "Huyu anasema alipokwama," alisema. "Hapo ndipo nitakapoanzia kumfundisha."

Jioni mzee Anselmi aliisoma barua ya ruhusa taratibu, kidole chini ya kila neno, akaweka sahihi.

"Sikia, mwanangu. Wakubwa walikunyima kitabu. Hilo ni lao, na nitalisema mpaka nizikwe. Lakini kujidai unajua, hilo lilikuwa lako, na hakuna mkubwa angekuja kukuondolea. Umeliondoa mwenyewe kwa kuuliza. Usiache kuuliza, hata wakikucheka." Akamrudishia barua. "Haya, kafungie kuku."