Immy Huingia Kwanza

Jua lilikuwa linazama niliposhuka kwenye bodaboda mbele ya kliniki ya wazazi pale Bwera. Mgongo uliniuma. Mchana kutwa nilikuwa kiwandani Hima nikifufua kompyuta zilizojaa vumbi la simenti, na nilichotaka sasa ni chai ya moto na kitanda. Lakini mwenye kliniki, Mzee Byamukama, alikuwa amenisihi kwa simu.

"Mugume, mashine yangu imerogwa."

Nilicheka kidogo. Hata kucheka kulichosha.

Shida yake ilikuwa hii. Kila fomu mpya ya mzazi ilipofunguliwa kwenye kompyuta, kisanduku cha jina kilikuwa kimekwisha jazwa: Immy Kusiima. Makarani walisahau kulifuta, na sasa ripoti ilionyesha Immy Kusiima akijifungua karibu kila siku.

Kwangu huo haukuwa uchawi. Fomu inaweza kupangiwa thamani za awali, yaani maneno inayojiandikia kabla mtu hajagusa kibodi. Wilaya: Kasese. Tarehe: ya leo. Karani anapumzika kuandika yale yale. Mtu alikuwa ameongeza na jina, basi.

Mzee mwenyewe hakuwepo. Nilimkuta mkunga, Mama Feresita, akifuta mikono.

"Fundi Mugume, iyo jina wacha ikae," alisema kwa sauti ya chini.

"Ni kosa, Mama."

"Haiko kosa. Wacha."

Wodini mwanamke aliguna. Alikuwa Aciro, mke wa mfanyakazi wa simenti. Uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi. Feresita akamkimbilia.

Nikafungua mpangilio wa fomu. Nikafuta jina. Nikahifadhi. Nikafungua fomu mpya kuhakikisha.

Kisanduku kilikuwa kitupu.

Harufu ilitangulia. Damu... na nguo iliyonyeshewa. Kisha benchi la ukumbini likalia, kriii... kama mtu mzito anayekaa polepole, ameshika tumbo.

Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Lakini benchi lilikuwa limelowa.

"Nani?"

Pumzi... fupi fupi... Halafu sauti ya mwanamke, sikioni kabisa:

"Jina nimekwambia. Nimekwambia tena."

Wodini Aciro akapiga yowe. "Mumutoe! Mumutoe uyu mama kwa kitanda yangu!"

Feresita akatokea mlangoni, amesawajika. "Rudisha," alinong'ona. "Mutoto amekwama. Mugume, rudisha jina!"

Nikarudi kwenye mpangilio wa fomu. Nikaandika Imy. Nikafuta. Immy... Pumzi ile ilikuwa shingoni mwangu sasa, baridi. Kusiima. Nikahifadhi. Nikafungua fomu mpya.

Jina likatokea.

Kimya.

Kisha mtoto akalia.

Baadaye Feresita alikuja akaketi chini, mgongo ukutani. Kwenye benchi hakukaa.

"Immy aliachwa hapa na boda, mvua inanyesha," alisema. "Peke yake. Mzee alikataza mutu kuingia wodi kama fomu haijajaa. Mimi nilikuwa ndani na mama mwingine. Sosthène, karani wetu wa Congo, akamuuliza: jina, wilaya, parokia, bwana yako nani. Umeme ikaenda. Ikarudi, akaanza tena. Jina, wilaya..."

Akalielekezea benchi kidole.

"Alikufia apo kwa benchi. Na mutoto ndani."

"Halafu?"

"Halafu watoto wakakataa kutoka. Kila mama, taabu tupu. Sosthène ndiye aliweka wilaya na tarehe vijijaze, mutu asingoje tena. Ikakuwa bure. Akaweka na jina. Sasa Immy anaingia mbele, ule mwingine anafuata. Watoto wakaanza kutoka."

"Sosthène yuko wapi?"

"Alivuka mpaka. Hatujamusikia tena."

"Na Mzee, anajua haya?"

"Anajua. Unafikiri ni kwa nini amekutuma peke yako, yeye akakaa mbali?"

Sikuwa na nguvu hata ya kukasirika. Nilifunga begi langu. Nikipita wodini, Aciro aliniita kwa sauti iliyokwisha.

"Kaka... ule mama alinishika mukono. Baridi sana. Akaniuliza, nani amefuta jina yake."

"Ukasemaje?"

"Nilisema ni fundi. Akauliza, fundi anaitwa nani."

Nilisimama hapo hapo.

"Ukamwambia?"

Aciro alimvuta mtoto kifuani. Machozi yalimtiririka.

"Alikuwa amebeba mutoto yangu, kaka. Mimi ningefanya nini?"

Sikumlaumu. Nilitoka nikatafuta gari la Kasese, na nimeendelea na kazi zangu kama kawaida. Ila tangu jioni ile, nikiitwa Mugume na mtu nisiyemwona... siitiki.

Na ninaitwa mara nyingi.