Ufa Chini ya Stika

Kila Jumamosi asubuhi, baba alipokwenda kwa mwokaji kununua mikate, Fenne De Vrieze alitoka uani na ndoo ya maji ya sabuni. Aliigeuza baiskeli yake miguu juu, akaisugua cheni kwa mswaki mkuukuu, kisha akazifuta spoki moja baada ya nyingine. Baiskeli yenyewe ilikuwa kongwe. Zamani ilikuwa ya shangazi yake, Goedele, aliyeshindana nayo ujana wake wote katika vijiji vya Flanders, Ubelgiji. Rangi ya buluu ilikuwa imebanduka hapa na pale, lakini Fenne aliipenda kama mtu ampendavyo mbwa aliyekua naye.

Jumamosi hii hakuwa na cha kusugua. Gurudumu la nyuma lilikuwa limeegemezwa ukutani, limepinda, na ringi yake imepasuka. Lilivunjika Jumatano, siku ambayo shule huisha saa sita na watoto wa chama cha baiskeli huenda mazoezini. Walikuwa wakishuka kilima cha Hazelberg, kwenye barabara ya mawe, Fenne akaingia shimoni. Alirudi nyumbani kwa miguu, kilomita nne, baiskeli begani.

"Usilie, Fenne!" Warre, mwenzake wa chamani, alimpigia kelele akimpita. "Waulize watu wa jumba la makumbusho, huenda wana jingine kama hilo!"

Wenzake walicheka. Fenne naye alijichekesha, lakini ndani aliungua. Magurudumu ya Warre yalikuwa ya kaboni, meusi, yenye ringi nene zilizovuma kama nyuki kila alipokanyaga kwa nguvu.

Baba alirudi na mikate ingali na moto, akaketi mezani. Lieven De Vrieze alifanya kazi ya zamu katika kiwanda cha mboga, na macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi.

"Nimekutengea euro mia mbili," alisema huku akipaka siagi. "Si nyingi, lakini ndizo zilizopo. Nenda kwa shangazi yako akushauri, halafu chagua mwenyewe. Wewe si mtoto mdogo tena."

"Kweli, baba? Nichague mwenyewe?"

"Kwani nani ataendesha, mimi? Na tumbo hili?"

Fenne alimrukia shingoni, siagi ikampaka baba sikioni.

Shangazi Goedele alikuwa na karakana ndogo ya kutengeneza baiskeli pembeni mwa nyumba yake. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono mipana iliyoingia grisi hata kwenye kucha. Alilipokea gurudumu bovu, akalizungusha, akasikiliza, akalizungusha tena.

"Ringi imekufa," alisema. "Lakini usinunue kwa macho, mwanangu. Muulize kila gurudumu maswali. Je, gia zako za nyuma zitaingia? Raba zako za breki zitalishika vizuri? Ringi za kaboni zinataka raba zake. Lina spoki ngapi? Kwa mawe ya huku kwetu, mimi nataka thelathini na mbili. Na likiharibika, nani atalitengeneza?"

Alishusha kutoka ukutani gurudumu la alumini, la kijivu, jembamba, lisilo na pambo lolote.

"Kama hili. Jipya, bei nafuu, na utalitumia miaka."

Fenne alilitazama. "Shangazi, hili si la mleta barua?"

"Mleta barua hufika kila siku," shangazi akajibu, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

Fenne akasema atafikiri. Njiani hakufikiri juu ya spoki wala breki. Alifikiri jinsi Warre atakavyocheka.

Kesho yake, Jumapili, palikuwa na soko la vitu vilivyotumika katika uwanja wa mji wa jirani. Fenne alikwenda na baiskeli ya mama. Hakumwambia shangazi. Hakuwa amezunguka sana alipoyaona magurudumu mawili meusi, ringi nene, na stika nyekundu zinazong'aa kama zimetoka dukani jana.

"Kaboni tupu," alisema muuzaji, mwanamume mwenye kofia ya sufu. "Mwenyewe kahama nchi. Mia moja na tisini. Lakini amua upesi, kuna bwana kasema anarudi."

"Yataingia kwenye baiskeli yangu?"

"Yanaingia kwenye kila baiskeli, binti."

Fenne akatoa pesa. Aliyafunga mgongoni kwa kamba, akarudi nyumbani akijiona kama bingwa.

Baba alikuwa bustanini. "Hayo ndiyo? Du! Shangazi yako ameyaona?"

Fenne aliyatazama magurudumu. "Ameyaona," akasema. "Kayakubali."

"Kama Goedele kayakubali, mimi ni nani?" Baba akatabasamu, akaendelea kung'oa magugu.

Alasiri hiyo Fenne alijifungia bandani. Gia za nyuma hazikuingia. Alijaribu kuzigeuza, akajaribu kuzisukuma, zikakataa. Haya, alijisemea, nitatafuta namna. Akaanza kuyasafisha. Kidole kilipopita juu ya stika moja, kikahisi mkwaruzo. Aliibandua taratibu. Chini yake palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, uliofukiwa kwa rangi nyeusi. Akachukua sarafu, akagonga ringi mahali pazima: ti, ti, ti. Akagonga penye ufa: du.

Fenne alikaa sakafuni muda mrefu.

Jumapili iliyofuata alirudi sokoni. Pale aliposimama mwenye kofia ya sufu palikuwa na mama mmoja akiuza vikombe. Hakuna aliyemjua mtu yule. Na nyumbani baba hakuacha kuuliza: "Mbona hujayafunga, mwanangu?" Fenne akajibu kwamba anangoja raba za breki. Uongo wa kwanza ulikuwa umezaa wa pili, na wa pili ulishaanza kudai wa tatu.

Jumatano akaenda mazoezini kwa miguu, kutazama tu. Hapo ndipo Nore alipomfuata. Nore alikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo kuliko wote chamani, na alizoea kumganda Fenne kama kupe.

"Nimesikia una magurudumu ya kaboni!"

"Ndiyo, lakini hayaingii kwenye baiskeli yangu."

"Ya kwangu ni mpya mpya, yataingia! Utaniuzia? Nimeuza keki za wafeli mtaa mzima tangu Pasaka. Nina mia na sitini!"

Fenne alifungua mdomo aseme hapana. Badala yake akajisikia akisema, "Njoo Ijumaa baada ya shule."

Usiku wa Alhamisi hakulala vizuri. Alijiambia kwamba huenda ufa ni wa juujuu tu. Alijiambia kwamba yeye naye alidanganywa, na hakuna aliyemhurumia. Asubuhi akairudisha stika mahali pake, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka pembe zake zikalala.

Ijumaa Nore alifika akihema, bahasha mkononi. Alipoyaona magurudumu alipiga yowe.

"Mazuri kuliko ya Warre! Fenne, unajua nitafanya nini kwenye mashindano ya chama? Nitashuka Hazelberg bila kugusa breki, kama wewe. Huwa nakuangalia. Nimeshamwambia babu asimame pale chini kwenye kona anipige picha."

Fenne aliiona kona ile. Aliyaona mawe, ukuta wa kanisa, na mzee amesimama na kamera. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye stika, ukaibandua.

"Hayauzwi," alisema.

"Nini? Si tulikubaliana!"

"Shika sarafu hii. Gonga hapa. Sasa gonga hapa."

Ti, ti. Du. Nore alitazama ufa, kisha akamtazama Fenne. Furaha ilimtoka usoni polepole.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na stika je?"

"Mimi ndiye niliyeibandika tena. Leo asubuhi."

Nore hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Aliirudisha bahasha mfukoni, akapanda baiskeli yake, akaondoka bila kwaheri. Fenne alisimama mlangoni mwa banda, machozi yakimdondoka kwenye viatu.

Hakungoja yakauke. Aliyachukua magurudumu yote mawili, akamkuta baba jikoni akimenya viazi. Kwa bahati shangazi Goedele naye alikuwapo, amekuja kurudisha sufuria. Fenne akayaweka mezani, akasema yote: soko, gia, ufa, Nore. Hakuficha hata uongo kuhusu raba za breki.

Shangazi alinyanyua nyusi. "Kumbe mimi niliyakubali? Ningependa kujua nilikuwa nimekunywa nini."

Baba hakucheka. Aliweka kisu chini. "Pesa zimeniuma," alisema kwa sauti ndogo, "lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba kila siku nilikuuliza, na kila siku ukanitazama machoni."

"Nisamehe, baba. Niliogopa utaniona mjinga."

"Mjinga? Mimi nilinunua gari lisilo na breki ya mkono kwa sababu lilikuwa jekundu. Muulize mama yako." Akamvuta, akamkumbatia. "Ungeniambia siku ile ile, tungelia pamoja halafu tungecheka."

Shangazi alikuwa tayari ameichukua ringi yenye ufa na kuitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Hii kazi yake imekwisha. Lakini nisikilize. Gurudumu lako la zamani, ringi ndiyo iliyokufa. Kitovu chake, pale katikati spoki zinapoanzia, ni kizima kabisa, na gia zako zinakitosha. La mbele halina neno. Unahitaji ringi moja ya alumini na spoki mpya, basi. Nitakupa kwa bei niliyonunulia mimi. Kazi utaifanya mwenyewe."

"Mimi? Sijui kuunda gurudumu!"

"Nani alizaliwa akijua? Njoo kesho. Na msumeno wa chuma utaukuta mezani."

Jambo la kwanza Fenne alilofanya katika karakana Jumamosi ile lilikuwa kuivaa barakoa ya vumbi na kuikata ringi ile vipande viwili, ili asipatikane mtu mwingine wa kuuziwa. Kisha wakaanza. Spoki thelathini na mbili, kila moja na tundu lake, moja ipite juu ya mwenzake na nyingine chini. Mara ya kwanza alikosea, akazitoa zote. Mara ya pili alikosea tundu moja tu, lakini shangazi akamfanya azitoe zote tena.

"Shangazi, ni moja tu!"

"Hiyo moja ndiyo itakayokuangusha. Toa."

Vidole vilimchubuka. Gurudumu lilipozunguka liliyumba kama mlevi, naye akalikaza hapa, akalilegeza pale, robo ya mzunguko kila mara, Jumatano ile na Jumamosi iliyofuata. Mpaka alasiri moja likazunguka kati ya vidole vya chuma vya kifaa cha kupimia unyoofu bila kugusa upande wowote. Fenne alilitazama likizunguka na kuzunguka, hakutaka lisimame. Shangazi alikwenda jikoni. Alimletea tu kikombe cha chokoleti ya moto.

Nore alikuwa hajamsemesha Fenne kwa wiki mbili. Siku moja baada ya mazoezi Fenne alimfuata.

"Nore, sikuombi tuwe kama zamani. Nimeona gurudumu lako la nyuma linayumba. Ukitaka nitalinyoosha. Shangazi atalikagua baada yangu, huna haja ya kuniamini mimi."

Nore alichora chini kwa ncha ya kiatu. "Atalikagua kweli?"

"Spoki zote."

Jumapili ya mashindano mvua ilinyesha asubuhi, mawe ya Hazelberg yakateleza. Warre alipoliona gurudumu la kijivu akaanza, "Haya, barua zangu ziko wapi?"

"Utazipata kileleni," Fenne akamjibu. "Kama utafika."

Hakushinda. Aliingia wa tisa, Warre wa nne. Lakini aliposhuka kilima kile gurudumu halikutetereka hata kidogo, na alijua kwa nini, kwa maana kila spoki iliyokuwa chini yake aliikaza kwa mkono wake. Alipovuka mstari wa mwisho hakwenda kunywa maji. Alikimbia hadi kwenye kona ya kanisa, akasimama karibu na mzee mwenye kamera.

Nore alitokea juu, mdogo, amejikunja, matope usoni. Alizigusa breki mara mbili, kwa adabu, akapinda kona na kupita. Babu yake alisahau kupiga picha kwa kushangilia.

Baba na shangazi Goedele walikuja wakasimama ubavuni mwa Fenne.

"Baba," Fenne alisema, "je, kama ningemuuzia?"

Baba alitazama barabara.

"Mtu yeyote anaweza kununua kitu kibovu, mwanangu. Mimi nimenunua, shangazi yako amenunua. Hilo ni kosa, na kosa hulipiwa likaisha. Lakini siku unayoujua ubovu, unakuwa wako. Ukimpa mwenzako ukijua, si kosa tena, ni hila. Wewe ulifika mlangoni pa hila ukageuka. Ilikuuma, lakini uligeuka. Mimi baba yako nakuonea fahari kwa hilo kuliko kwa nafasi ya kwanza."

"Hata ya tisa si mbaya," shangazi akasema, akipenga kamasi kwa nguvu.

Nore alirudi akisukuma baiskeli, meno meupe katikati ya matope. Alisimama mbele ya Fenne, akasita, kisha akaisogeza baiskeli kwake.

"La mbele nalo linayumba kidogo," alisema. "Jumatano utalitazama? Shangazi yako si lazima akague."