Mkamwana wa Mzee Tarash

"Mzee, nikitaka kusema kisu kimo ndani ya mtungi, naanzaje?"

Mzee akageuza uso.

"Na kikiwa chini ya mtungi?"

Mzee Tarash akakohoa, akaangalia paa, akachukua fimbo yake na kutoka zake uani. Hata kwaheri hakusema. Myroslava akabaki na rekoda yake inazunguka mezani, inarekodi kuku.

Siku ya tatu hiyo, jamani! Mzee yuleyule aliyekuwa akimpokea getini kwa kicheko, aliyemwita "binti yangu wa Poltava", sasa akimwona anageuza uso.

Myroslava alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, Kharkiv. Mwaka huo wa 1986 alikuja huku Duripsh, kijiji cha Waabkhazi chini ya milima, kwa ajili ya vitenzi. Ndiyo, vitenzi! Kwao Ukraine neno la kwenda ni lilelile: ukilitia silabi moja mbele mtu amefika, ukitia nyingine ametoka, ukitia nyingine kavuka ng'ambo. Na Waabkhazi nao hutia silabi mbele, lakini zao zinakuonyesha mahali: ndani ya chombo, chini ya kitu, juu yake, au katikati ya vingi kama punje ndani ya unga. Yeye alikuwa anazilinganisha hizo mbili. Na mtu aliyezijua zote, mpaka zile za wachunga mbuzi wa mlimani ambazo vijana wamezisahau, alikuwa mmoja tu. Mzee Tarash, miaka sabini na tisa.

Tangu masika wamekaa baraza moja. Mzee alikuwa hamwambii tu neno, analitenda. Anachukua jibini, anaichomeka ndani ya ugali wa moto, anasema kitenzi. Anaichomoa, anasema kingine. Anaila, anasema cha tatu, wanacheka.

"Ninyi Waukraine mnauliza mtu amefika au hajafika," alimwambia siku moja. "Sisi tunauliza, amefika, kasimama wapi?"

Sasa katika kwenda na kurudi huko, moyo nao ukapata kazi. Mwana wa mwisho wa Mzee, Adgur, fundi wa matrekta, alianza kumsindikiza mgeni mpaka chumba chake cha shuleni. Wakasindikizana, wakazoeana, wakapendana. Wiki iliyopita Adgur alimwambia, "Nataka kukuoa. Nipe siku chache nipeleke habari nyumbani."

Kisha Adgur akatoweka. Mzee akanyamaza. Na leo, aliporudi chumbani kwake, Myroslava alikuta mlangoni kitu kilichomkata maini.

Boga. Boga kubwa la rangi ya machungwa, limefutwa vumbi likang'aa, ndani ya kapu la jikoni kwa kina Adgur.

Alikimbia posta, akaomba simu ya Poltava.

"Mama, unanisikia? Wameniletea boga!"

"Nani kakuletea?"

"Nyumbani kwa Adgur! Limewekwa mlangoni, hakuna aliyesema neno."

Kwao Poltava mchumba akikataliwa hatukanwi, hupewa boga abebe arudi nalo kwao, na kijiji kizima kinamwona.

"Mwanangu," mama yake akasema kwa huruma, "hayo ni majibu. Tena wamekujibu kwa mila yetu, usiseme hukuelewa. Funga mizigo urudi. Na usiwatukane, umekula chumvi yao."

"Ugali wao hautiwi chumvi, mama," Myroslava akasema, akaangua kilio.

Asubuhi aliacha barua kwenye meza ya shule:

"Adgur, nimeelewa. Mshukuru baba yako kwa kila neno alilonipa, na mama yako kwa kila sahani. Sina kinyongo. Usinifuate. M."

Stesheni ya treni ya Gudauta, mji wa karibu, ilikuwa na watu wachache. Myroslava aliketi juu ya sanduku lake, daftari mapajani. Vitenzi mia mbili na kumi vilikuwa vimejazwa, mia na tisini bado. Bila hivyo hakuna shahada. Lakini wallahi, kilichomliza si shahada. Ni yule mzee kugeuza uso.

Lori la mahindi likasimama kwa kishindo. Akashuka Esma, dada yake Adgur, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni.

"Wewe! Wewe mwanamke! Unakwenda wapi?"

"Esma, niache niende kwa heshima yangu."

"Heshima gani, wakati mama anapiga mayowe jikoni! Tumekukosea nini?"

"Baba yako hanisemeshi!"

"Sasa akusemeshe vipi, wifi, na wewe ni mkamwana wake?"

Myroslava akainuka kwenye sanduku.

"Sijaolewa mimi."

"Habari imeshamfikia. Adgur alimtuma mjomba, maana kijana wa kwetu hawezi kumtajia baba yake mambo ya kuoa, ni aibu. Baba alisema, 'Nimekubali, nyumba yangu imepata baraka.' Kuanzia saa ile akaanza kukuheshimu. Mkwe na mkamwana hawasemezani. Mgeni ndiye huongeleshwa hovyo!"

"Na Adgur yuko wapi?"

"Kajificha kwa rafiki yake. Bwana harusi atamtazamaje baba yake usoni? Alidhani nimekueleza. Mimi nikadhani amekueleza yeye. Tumekuwa wajinga wawili wa mama mmoja!"

"Na boga je?"

"Boga limefanya nini? Si ulimwambia mama unatamani uji wa boga na mtama wa kwenu? Kazunguka shamba zima kulichagua. Tena alilifuta kwa shela yake ya harusi, we!"

Myroslava akacheka, akalia, akacheka tena, hata mkata tiketi akachungulia. Halafu uso ukamshuka.

"Kwa hiyo nikiolewa, Mzee hatasema nami tena?"

Esma akapunguza sauti. "Mpaka mwenyewe akufungulie mdomo kwa karamu na zawadi. Mama alikaa miaka kumi na mmoja hajamwambia babu neno. Wifi, sikufichi. Usipoolewa, unabaki mgeni, atakusimulia mpaka daftari lijae. Chagua."

Treni ikapiga honi. Myroslava alilitazama daftari. Miaka kumi na mmoja, na Mzee ana sabini na tisa. Alijua anachokipoteza, na hakuna mwingine wa kumpa maneno hayo.

"Nishikie sanduku," akasema. "Nilikuja kuomba maneno, nimepewa wazazi. Nikilia kwa hilo, nitakuwa sina shukrani."

Harusi ilikuwa Novemba. Wageni mia nne chini ya turubai, divai, nyama, pilipili ya kusaga ya kutoa jasho. Mama yake alikuja kutoka Poltava, yeye na mama yake Adgur wakakumbatiana bila mmoja kujua lugha ya mwenzake. Myroslava alisimama pembeni na shela usoni, mdomo umefungwa, kama mila inavyotaka. Adgur, kwa mila hiyohiyo, hakuonekana karamuni kwake mwenyewe. Alikuwa nyuma ya ghala la mahindi na marafiki.

Mzee Tarash akasimama na glasi. Watu wote wakasimama.

"Wazee wenzangu, naomba radhi yenu. Leo nataka kumfungulia mkamwana wangu mdomo."

Minong'ono ikapita. Mzee mmoja akasema, "Tarash, siku ya harusi? Umelewa?"

"Sijalewa, nimezeeka. Nina wana watano. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, baba, babu zetu walilisemaje jambo hili? Huyu katoka Poltava kuniuliza. Nikiingoja miaka, nitayazika maneno ya baba yangu pamoja na mimi, halafu mtanisifu kwa kushika mila. Ni nani hapa atakayeniambia hiyo ni heshima?"

Yule mzee aliyeuliza akainamisha kichwa, kisha akainua glasi yake.

Mzee Tarash akaamuru aletwe mtamba mweupe, zawadi ya kumfungulia. Akavuka uwanja mwenyewe kwa fimbo yake, akasimama mbele ya bibi harusi.

"Myroslava, binti yangu. Ulipokuwa mgeni nilikufundisha kwa kuwa ni adabu. Sasa nitakufundisha kwa kuwa ni mali yako. Nakushukuru kwa kuuliza. Haya, sema, nyumba nzima ikusikie."

Nyuma ya ghala, bwana harusi alikuwa analia waziwazi, marafiki wanamziba mdomo asisikiwe na baba yake.

Myroslava akainua shela. Alijua vitenzi mia mbili na kumi vya lugha ile, na hakuna hata kimoja kilichomjia.

"Asante, baba," akasema.