Gari Lisilo na Sauti

Kengele ya mkanda wa gari ililia kabla Lyle Kubicek hajatoka hata uwanjani kwake. Aliutazama mkanda wake, akauona umefungwa. Akatazama taa nyekundu mbele yake, nayo ilikuwa inamwonyesha kiti cha abiria. Kwa hesabu za gari, kuna mtu amekaa pale na hajafunga mkanda.

Kitini hapakuwa na kitu, hata glavu. Lyle akakipiga kofi, maana ndivyo watu wa kijiji cha Hradek wanavyotengeneza kila kitu, kuanzia redio hadi trekta, na kengele ikanyamaza. Akaenda zake kazini kwenye ghala la nafaka.

Gari lenyewe lilikuwa gumzo. Kijiji kizima wanaendesha magari ya dizeli yenye mgongo wa kubebea magunia, halafu Lyle anatokea na kigari cha umeme cha rangi ya fedha, kinapita kimya kimya.

"Lyle, leo umelilisha nini? Betri za tochi?"

"Tuambie mapema likizimika, tuje na kamba!"

Lyle alicheka pamoja nao. Alikuwa na haki ya kucheka, maana alilikodi kwa mkataba wa miaka, kwa bei ya kutupa. Wakimuuliza alifanyaje, hujibu, "Colorado. Kule wanayagawa tu." Kisha anageukia mambo ya mahindi.

Asichokisema ni kwamba punguzo lile lilikuwa la wakazi wa Colorado peke yao, na yeye ni mtu wa Nebraska tangu kuzaliwa. Mkazi alikuwa Libbie, mdogo wa marehemu mama yake. Libbie ndiye aliyemlea Lyle tangu mama alipofariki, akamwogesha, akamkalisha jikoni kula mikate ya plamu ikiwa bado ya moto. Baadaye aliolewa Pueblo, huko Colorado, mume akafa, macho yakaishiwa nguvu, akaishia nyumba ya wazee. Kila akipiga simu wimbo ulikuwa mmoja: anataka kurudi nyumbani.

Basi Lyle alimwendea na shada la maua mkononi, mwisho wa kiangazi.

"Mama mdogo, tunakodi gari kwa jina lako. Ndilo litakalokurudisha Hradek. Chumba cha nyuma ni chako."

"Mimi na gari, mwanangu? Kwa macho haya? Si nitaua watu!"

"Wewe weka sahihi tu. Kuendesha niachie mimi."

Libbie alicheka mpaka akashika mbavu. Lyle akamzungusha mtaa mmoja, naye akashangaa njia nzima. "Mbona halingurumi? Limezimika?"

"Ndivyo lilivyo. Halina sauti."

Walipofika mlangoni Lyle alimshusha, akambusu shavu. "Acha nilijaribu kwanza mpaka nyumbani. Nitarudi kukuchukua."

"Lini?"

"Karibuni. We kaa tayari."

Libbie alikaa tayari. Lyle ndiye aliyekuwa na udhuru kila siku. Kwanza mavuno, kisha mvua, kisha uvivu mtupu, na huo uvivu ndio ukweli wenyewe. Majani yalipokwisha kupukutika, simu ikaja kwamba Libbie amefariki. Lyle akawaambia wauchome mwili, majivu atayafuata. Hakuyafuata. Gari lilikuwa la jina la marehemu, na msiba ukitangazwa kanisani watu wangeanza kuuliza. Hata mkewe, Renae, hakumwambia. Renae akiuliza habari za Pueblo, anajibu, "Mama mdogo hajambo. Anakusalimu." Alikuwa anapeleka salamu za maiti mezani kwake.

Kengele ilianza kulia kila siku. Kisha joto la kiti cha abiria likawa linajiwasha. Lyle analaza gari bandani limejaa chaji, asubuhi analikuta limepungua na kile kiti kina moto wa mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Ndani ya gari mlianza kunuka dawa ya nondo, ile ya makabati ya wazee, na kwa mbali pipi za minti. Lyle alinunua manukato ya gari, akanunua na mengine. Harufu ikakaa palepale.

Kisha ikaja baridi yenyewe, na vioo vikaanza kufanya ukungu kwa ndani. Kioo cha abiria kilikuwa na duara lililofutwa, ukubwa wa kiganja, kama la mtu anayetaka kuchungulia nje. Lyle alilipangusa kwa leso. Kesho yake likawepo tena.

Jumamosi moja jua linazama, yeye na Renae walikuwa wanakwenda kwenye chakula cha parokia. Renae aliingia na sufuria ya kabichi miguuni.

"Kiti kina joto. Ulikuwa na nani humu?"

"Na nani tena? Nimekuwashia."

"Na hii harufu?" Akanusa, akashusha sauti. "Lyle. Hii si harufu ya mama yako mdogo?"

"Acha maneno yako, Renae. Funga mkanda twende."

Renae alifunga, na walipoipita nyumba ya mwisho ya kijiji mkanda ukajivuta kidogo, naye akaulegeza kwa kidole huku akiendelea kusimulia habari za dada yake, ukajivuta tena, akanyamaza, ukazidi kujivuta taratibu bila haraka yoyote, ukamlaza kitini, ukamkaa kifuani na shingoni, na alipojaribu kuita jina la mumewe ilitoka pumzi tu, na Lyle akakanyaga breki na kubonyeza kitufe cha mkanda na kuking'ang'ania mpaka ukucha ukamkatika, na kitufe kikagoma, na kengele ikawa inalia pale pale wakati kiti kina mtu na mkanda umefungwa, na uso wa Renae ukaanza kugeuka rangi, mpaka Lyle, akili zimemruka, akapiga kelele:

"Mama mdogo, mwachie! Si kosa lake! Ni mimi!"

Mkanda ukalegea. Kabichi ilikuwa imemwagika yote. Renae alikohoa kwa muda mrefu, na alipopata pumzi hakuuliza kilichomkaba. Aliuliza kwa kunong'ona, "Umemwita nani?"

Lyle akasema yote, palepale kando ya shamba. Renae alisikiliza akiwa ameshika shingo. Mwishowe akasema, "Umenipa salamu zake mwezi mzima." Akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu.

Kesho yake baada ya misa alikuja Padri Sedlacek, mzee anayebariki matrekta kila majira ya kupanda na asiyetishwa na chombo chochote chenye magurudumu. Alinyunyiza maji ya baraka kwenye boneti, akasoma sala zake, kisha akaingia upande wa dereva na kujifungia. Alikaa humo ametega sikio. Alipotoka chupa ya maji ilikuwa imeanguka ndani.

"Mfukuze, Padri," Lyle alisema. "Nakuomba."

"Nimfukuze aende wapi?" Padri alijibu kwa sauti ya chini. "Huyu hakuja kukudhuru. Anauliza kama tumefika Hradek. Kamlete, Lyle. Nenda mwenyewe ukamlete, la sivyo mkeo asikae tena kwenye kile kiti."

Ungedhani amesikia. Lakini Pueblo ni safari ya kutwa nzima, na kwa gari la umeme kwenye baridi ni kusimama na kuchaji kila mara. Na hebu fikiria kusafiri peke yako na kile kiti! Kule majivu ya marehemu hutumwa hata kwa posta, sheria inaruhusu, mradi boksi liwe na kibandiko chake. Lyle akapiga simu. Libbie akaletwa na tarishi, amebanwa kati ya katalogi za mbegu na bili ya umeme.

Renae alipoliona boksi juu ya meza alikaa chini. "Umemleta kwa posta?"

"Amefika, si amefika?"

"Mwanamke aliyekulea, Lyle. Kwa posta."

Walimzika ubavuni mwa dada yake. Watu walikula mikate ya plamu, wakamsifu marehemu. Lyle alipokea pole zao akitamani mmoja wao ampige kibao. Akarudi kwenye gari peke yake, maana Renae alipanda la Padri.

Kengele ikalia kabla hajafunga mlango. Akakipiga kiti kofi, ikaendelea. Ramani ya gari ikajiwasha, na njia ya buluu ikajichora kutoka makaburini, ikaelekea magharibi mpaka mwisho wa skrini. Lyle alishika usukani akalia. Kisha akaondoka vilevile alivyo, na suti ya maziko, na kengele ikamlilia Nebraska nzima.

Pale nyumba ya wazee ya Pueblo alipokewa na mlezi, mama mmoja aitwaye Marisol Archuleta. Alimtazama Lyle kwa makini kabla ya kusema.

"Wewe ndiye mwenye gari."

"Ndimi."

"Tangu ulipoondoka hakutoka dirishani. Koti mwilini, sanduku miguuni. Tukimwita chakula hataki. Anasema, 'Gari la mwanangu halina sauti. Nikiondoka hapa halitanisubiri, na mimi sitalisikia.' Tukawa tunamlisha palepale." Marisol akaelekeza kidole dirishani. "Asubuhi ya mwisho akasimama mwenyewe, anacheka. Akasema, 'Hilo hapo, nimeliwahi.' Tukachungulia nje, hapakuwa na gari. Tulipogeuka alikuwa ameshakaa, amekufa."

Akaleta sanduku na koti la sufi la kijivu, linanuka dawa ya nondo. Mfukoni mlikuwa na pipi za minti.

Alilikalisha koti kwenye kiti cha abiria, akalizungushia mkanda, akaufunga. Kengele ikanyamaza. Ukimya ule ndio uliomtia hofu kuliko kengele yenyewe.

"Nisamehe, mama mdogo," alisema. "Sasa tunakwenda."

Walikwenda. Kiza kilipoanza kuingia, theluji inapepea, alisimama mahali kuchaji, akaingia dukani kunywa kahawa na kuuchangamsha mwili. Aliporudi alikuta kioo cha abiria kina ukungu, na katikati duara lililofutwa. Akachungulia kupitia duara lile. Koti alilokuwa ameliacha wazi lilikuwa limefungwa vifungo vyote, mpaka shingoni, na mikono yake miwili ilikuwa imelazwa mahali pa mapaja.

Akampigia simu Renae.

"Tandika kitanda cha chumba cha nyuma."

Renae akanong'ona, "Lyle, si tumeshamzika?"

"Nilimwahidi chumba," Lyle alisema. "Tandika, na uwashe moto. Anasikia baridi."