Kalsiamu Iliyozidi Kiwango

Mama Pindo alikuwa ameshona nguo miaka ishirini na sita. Watu walimpa jina hilo kwa sababu pindo zake zilinyooka kama zimepigwa rula. Mumewe naye alikuwa fundi. Yeye aliitwa Bwana Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata wakati wa kula. Walifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Humo mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na kiti cha wateja chenye mguu uliolegea.

Asubuhi moja Mama Pindo alikata mikono miwili ya kushoto kwa shati moja. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mke wangu," Bwana Futi aliuliza, "huyu mteja ana mikono mingapi ya kushoto?"

Alitaka kumchekesha. Mkewe hakucheka, maana aliogopa. Jana yake alimpima mteja kiuno, na mteja alipofika mlangoni tu, kipimo kilikuwa kimeshamtoka kichwani. Tena kiu haikumwisha. Kila mara alikwenda haja ndogo, na haja kubwa ilikuwa shida. Mwili ulichoka bila kazi. "Akili zinaniponyoka," aliwaza. Fundi asiyejua kushoto na kulia ataaminiwa na nani?

Hofu hiyo haikuanza leo. Wiki iliyopita ilimpeleka zahanati, na daktari akaagiza damu yake ipimwe. Sasa majibu yalikuwa yametoka, lakini miadi ya daktari ilikuwa bado siku tatu. Bwana Futi hana subira. Aliitandaza karatasi juu ya meza ya kukatia, akavaa miwani.

"Sukari iko sawa. Damu haijapungua. Haya, kalsiamu: 2.95. Kiwango cha kawaida: 2.15 hadi 2.55." Akapiga meza. "Umezidisha! Hongera!"

"Kuzidi ni vizuri?"

"Fundi mzima unaniuliza hivyo? Kitambaa kikizidi tunakata. Kikipungua tunaomba radhi. Siku zote tunaacha inchi mbili za akiba kwenye mshono. Basi hiyo ni akiba ya mifupa yako."

Mama Pindo alikuna kichwa. "Kama nina akiba, mbona magoti yanauma?"

"Labda akiba haijafika magotini. Meza kidonge kimoja zaidi, kiende huko."

Vidonge hivyo vilikuwa na historia yake. Miezi miwili nyuma, magoti ya Mama Pindo yalianza kuuma kwa kukanyaga cherehani. Wifi yake, dada wa Bwana Futi, alimpa chupa ya vidonge vya kalsiamu. Bwana Futi, asiyetaka kushindwa kwa mapenzi, akanunua chupa nyingine, yenye kalsiamu na vitamini D pamoja. Kila asubuhi alimpa mkewe vya chupa zote mbili kwa mkono wake mwenyewe. Daktari hakuambiwa. Nani amwambie daktari habari za vidonge vya kujipa nguvu?

Kabla kidonge hakijafika mdomoni, sauti ilisikika mlangoni. "Hodi wenyewe!"

Alikuwa muuguzi wa zahanati, amekuja kupimwa sare mpya.

"Karibu, Sista," alisema Bwana Futi. "Njoo uone majibu ya mtu aliyezidisha!"

Muuguzi alisoma karatasi. Tabasamu likamwisha.

"Bwana Futi, kola ukiizidisha inchi mbili, inakuwaje?"

"Inapwaya. Mteja anakasirika."

"Na ukiipunguza?"

"Inamkaba."

"Basi kalsiamu ya damu ni kola, siyo mshono. Haina akiba. Ikipungua ni tatizo, ikizidi ni tatizo. Ndiyo maana wameandika namba mbili, ya chini na ya juu."

"Lakini kalsiamu si ya mifupa, Sista?" aliuliza Mama Pindo.

"Nyingi iko kwenye mifupa na meno. Kidogo kiko kwenye damu, kinasaidia misuli, neva na moyo. Hapa wamepima damu. Mifupa hawakuipima. Mtu anaweza kuwa na kalsiamu nyingi kwenye damu na mifupa yake ikawa dhaifu."

"Mungu wangu, nimechanganyikiwa kabisa. Nizidishe au nipunguze?"

"Hebu niambie. Una kiu? Unakojoa sana? Choo kigumu? Unasahau?"

Mama Pindo aliitikia kila swali. "Kwa hiyo siyo wazimu?"

"Kalsiamu ikizidi inaweza kuleta hayo yote, hata kuchanganyikiwa. Lakini sababu ataitafuta daktari, siyo mimi. Wala hatungoji siku tatu. Twende sasa hivi. Leta dawa zote unazotumia, zote kabisa."

Mama Pindo alileta chupa mbili. Kisha, kwa aibu, akatoa mfukoni vidonge vya kiungulia alivyokuwa akivitafuna kama peremende.

"Hivi ni vya tumbo tu," alisema.

Muuguzi alimsomea maandishi ya nyuma. Navyo vilikuwa na kalsiamu. Bwana Futi alikaa kwenye kiti kibovu bila hata kukumbuka mguu wake uliolegea.

Daktari alisimamisha vidonge vyote, akaagiza Mama Pindo alazwe hospitalini siku mbili na kupewa maji kwa dripu. Damu ilipimwa upya, kwani namba moja peke yake haitoshi. Walipima pia protini inayobeba kalsiamu kwenye damu, figo, na homoni ya vitezi vinne vidogo vya shingoni vinavyoongoza kalsiamu mwilini. Vitezi vilikuwa vizima. Kilichozidi kilitoka kwenye vidonge.

Baada ya wiki tatu alipimwa tena. Safari hii Mama Pindo aliisoma karatasi mwenyewe, kwa kidole.

"2.38. Chini ni 2.15, juu ni 2.55. Nimo ndani." Akamwangalia mumewe. "Mbona hufurahi?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nakupa," alisema Bwana Futi. "Kila asubuhi, kwa mkono huu. Nilidhani nakupenda."

"Ulinipenda. Ila ulinipenda bila kupima."

Mwanamume mzima akalia. Mama Pindo alimwacha alie, maana machozi hayo yalikuwa ya haki. Kisha akachukua simu.

"Haloo, wifi. Hujambo? Vile vidonge vya mifupa, na wewe bado unavimeza?"

"Kila siku, wifi yangu. Viwili viwili."

"Nani alikuandikia?"

"Hakuna aliyeniandikia. Nilijinunulia tu."

"Usimeze vya leo," alisema Mama Pindo. "Chukua chupa yako uvae viatu. Nakuja kukupitia, twende kwa daktari."